Rwagasore: mwana wa Mwami aliyejenga umoja kuanzia soko la Buyenzi

Usiku usio na ukungu, mtu akisimama ufukweni Kalundu au Mulongwe, mjini Uvira, anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Juu ya mji huo, kwenye kilima cha Vugizo, kuna kaburi la mtu ambaye wafanyabiashara wengi wa Uvira wanalijua jina lake, kwa kuwa wanalisoma kwenye kibao cha barabara kuu kila wanapovuka mpaka wa Kavimvira kwenda kutafuta bidhaa. Mtu huyo ni Louis Rwagasore. Kila tarehe 13 Oktoba Burundi nzima haifanyi kazi kwa ajili ya kumkumbuka.

Aliishi miaka 29 tu, na serikali yake aliiongoza kwa siku 15. Hata hivyo, zaidi ya miaka sitini baada ya kifo chake, Warundi wa vyama vyote, Bahutu kwa Batutsi, Wakristo kwa Waislamu, bado wanamwita shujaa wao. Ni watu wachache sana katika eneo letu la Maziwa Makuu wanaokubaliwa hivyo na pande zote.

Alifanya nini? Na kwa nini kile alichokijenga kilivunjika haraka namna ile?

Mtoto wa jumba la kifalme

Rwagasore alizaliwa tarehe 10 Januari 1932 huko Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawazwa akiwa bado mtoto mdogo mwaka 1915. Mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga.

Wakati huo Burundi haikuwa nchi peke yake. Iliunganishwa na Rwanda, na zote mbili ziliitwa Ruanda-Urundi. Wabelgiji walizinyang'anya kutoka kwa Wajerumani katika Vita Vikuu vya kwanza, kisha wakakabidhiwa rasmi kuzisimamia. Kuanzia mwaka 1925 utawala wake uliunganishwa na ule wa Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo mtu wa Uvira na mtu wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, walikuwa chini ya bwana mmoja na walitumia franga ileile. Mto Ruzizi uliwatenganisha kwenye ramani, lakini samaki, chumvi, vitambaa na ndoa vilivuka kila siku.

Ndani ya Burundi, chini ya Mwami walikuwepo Baganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme. Hao nao waligawanyika katika nyumba zilizoshindana tangu zamani, hasa Bezi na Batare. Halafu walikuwepo Batutsi, Bahutu na Batwa, wote wakisema Kirundi kimoja na wakiishi kwenye vilima vilevile. Wabelgiji walipopanga upya uchifu, waliwaondoa karibu machifu wote wa Kihutu na kuacha madaraka mikononi mwa Baganwa na Batutsi. Jeraha hilo halikuonekana mara moja, lakini lilibaki.

Rwagasore alisoma Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye, kwenye shule iliyowafundisha watoto wa machifu na makarani wa utawala. Kisha akapelekwa Ubelgiji, mjini Antwerp. Hakumaliza masomo hayo. Mwaka 1956 alikuwa amerudi nyumbani, kijana wa miaka 24 asiye na shahada, lakini mwenye jina kubwa na hamu ya kufanya kitu.

Duka kabla ya chama

Wengi wangedhani mwana wa Mwami angeanzia kwa machifu wa milimani. Yeye alianzia mjini, kwa wachuuzi.

Katika Usumbura kulikuwa na kartie ya Buyenzi, ambayo watu waliiita kijiji cha Waswahili. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu. Baadhi walikuwa Warundi waliosilimu. Wengine walikuwa na asili ya Manyema, ya Ubwari, ya Ujiji na ya pwani za ziwa hili, na wengine walikuwa na ndugu Uvira, Baraka na Fizi. Lugha yao ya mtaani na sokoni ilikuwa Kiswahili. Waliuza vitambaa, chumvi, dagaa na mafuta ya mawese, wakashona nguo na kuendesha malori.

Serikali ya kikoloni haikuwapenda sana watu hao. Kartie yao iliwekwa nje ya mamlaka ya kimila, kwa hiyo hawakuhesabiwa kuwa raia wa Mwami kama watu wa milimani. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na mtoto wa Kiislamu hakupata nafasi kirahisi. Machoni mwa watu wengi wa milimani, Mswahili alikuwa mgeni, hata kama baba yake na babu yake walizikwa Usumbura.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha muungano wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Wazo lilikuwa rahisi. Biashara kubwa ilikuwa ya Wazungu, Wagiriki na Waasia. Mwafrika alinunua kwa bei ya juu na kuuza mazao yake kwa bei ya chini. Kama wachuuzi wangeweka pesa pamoja, wangeweza kununua kwa jumla na kuacha kutegemea madukani mwa wengine.

Wafanyabiashara wa Buyenzi walimwitikia. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Mwami alikuwa amekaa nao kwenye hesabu moja ya faida na hasara. Hakuwaomba wabadili dini wala lugha. Aliwaona kuwa watu wa nchi hiyo, wenye haki ya kusema nayo itakuwaje.

Ushirika wenyewe haukwenda vizuri. Madeni yaliongezeka, na usimamizi wa pesa ulikuwa dhaifu. Utawala wa Kibelgiji, ambao tangu mwanzo uliutazama kwa wasiwasi, ukaingilia kati. Kibiashara, mradi ulishindwa. Lakini watu waliokutana humo hawakutawanyika.

Chama cha watu mbalimbali

Kutoka kwenye kundi hilo na kwa baadhi ya machifu waliotaka kulinda heshima ya ufalme, kilitokea chama cha Uprona, yaani Muungano kwa Maendeleo ya Taifa. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandikishwa rasmi mwanzoni mwa 1960. Mwanzoni wengi walikiona kuwa chama cha wakubwa wa nyumba ya Bezi. Rwagasore ndiye aliyekigeuza kuwa chama cha watu wote.

Alipewa uchifu wa Butanyerera, kaskazini mwa nchi, lakini akauacha ili ashughulike na siasa. Mwezi wa Septemba 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, msichana wa familia ya Kihutu. Kwa mtoto wa kwanza wa Mwami hilo halikuwa jambo dogo. Katika nchi ambamo ndoa za wakubwa zilikuwa mapatano kati ya koo, watu walielewa maana yake bila kuelezwa. Walipata watoto wawili wa kike, lakini wote walifariki wakiwa wachanga.

Ndani ya Uprona alikaa pamoja na Bahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, Baganwa kama shemeji yake André Muhirwa, Batutsi wasomi, na Waswahili wa Buyenzi waliochangia pesa na kupeleka habari za chama kutoka soko hadi soko. Kutoka upande wa mashariki wa ziwa, chama cha TANU cha Julius Nyerere kilimuunga mkono. Tanganyika ilikuwa imeonyesha kwamba watu wa makabila mengi na dini mbalimbali wanaweza kudai uhuru pamoja, na Rwagasore alilitazama somo hilo kwa makini.

Mfano wa kinyume ulikuwa karibu pia. Mwezi wa Novemba 1959 Rwanda ililipuka. Nyumba za Batutsi zilichomwa, watu wakauawa, na wakimbizi wakaanza kumiminika Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Nchi mbili zilizofanana kwa muundo wake zilikuwa zinaelekea njia mbili. Huko, vyama vilijengwa juu ya ukabila. Huku, chama kimoja kilikuwa kinajaribu kuwaweka wote chini ya paa moja.

Kifungo na kura

Wabelgiji hawakufurahi. Rwagasore alitaka uhuru wa haraka, na aliwahimiza watu kususia maduka ya Wazungu na kukataa kulipa kodi. Alihesabiwa kuwa na mawazo kama ya Patrice Lumumba, ambaye wakati huo jina lake peke yake lilitosha kuwakosesha usingizi wakubwa wa Brussels. Utawala uliweka sheria ya kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami wasifanye siasa. Katika orodha za chama alibaki na cheo cha mshauri tu, ingawa kila mtu alijua nani kiongozi.

Mwishoni mwa Oktoba 1960 aliwekwa kizuizini nyumbani. Alikaa humo hadi Desemba, wakati ambapo nchi ilikuwa inapiga kura za komini. Bila kiongozi wake, Uprona ilishindwa. Chama cha PDC, kilichoongozwa na watoto wa chifu mkubwa Pierre Baranyanka wa nyumba ya Batare, kilipata viti vingi zaidi. Mwanzoni mwa 1961 serikali ya muda iliundwa bila Uprona.

Upande wa Kongo nako hali ilikuwa moto. Siku ya mwaka mpya wa 1961 wanajeshi wa Mobutu waliopitishwa Ruanda-Urundi walijaribu kuichukua Bukavu kutoka kwa wafuasi wa Lumumba, wakashindwa. Tarehe 17 Januari Lumumba aliuawa Katanga. Watu wa kandokando ya ziwa walijionea kwamba mpaka wa Ruzizi si ukuta: kinachopikwa Usumbura kinaliwa pia Kivu.

Umoja wa Mataifa, ambao ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya Ruanda-Urundi, uliishinikiza Ubelgiji iondoe vizuizi na kuandaa uchaguzi mwingine mbele ya waangalizi. Rwagasore akawa huru kuzunguka nchi. Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walipiga kura. Uprona ilipata karibu asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64.

Ushindi wa namna hiyo ungeweza kumlevya mtu yeyote, tena aliyetoka kifungoni. Rwagasore aliwataka wafuasi wake wasilipize kisasi. Alisema ushindi huo ni wa nchi nzima na kwamba serikali itapimwa kwa matendo yake. Tarehe 28 Septemba alishika kazi ya Waziri Mkuu.

Risasi ya tarehe 13 Oktoba

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa mezani Hôtel Tanganyika, mjini Usumbura. Risasi moja ilitoka gizani. Rwagasore akafa palepale.

Katika siku chache aliyepiga risasi alikamatwa. Alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Uchunguzi ukawafikia viongozi wa PDC, wakiwemo watoto wawili wa Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wenzake walihukumiwa upya na Burundi huru, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani mjini Gitega, miongoni mwao wale ndugu wawili.

Kuhusu mkono wa Wabelgiji, mjadala haujaisha. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi. Mwaka 2021 mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte, aliyewahi kuandika juu ya kifo cha Lumumba, alitoa kitabu juu ya mauaji haya na kuonyesha lawama inayowaangukia maofisa wa kikoloni.

Tuliangalie jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika. Rwagasore hakuuawa kwa ajili ya ukabila wa Bahutu na Batutsi. Waliopanga kifo chake walikuwa Baganwa kama yeye, wa nyumba pinzani, pamoja na wageni walioogopa kupoteza nafasi yao. Lakini kifo hicho ndicho kilichoufungulia ukabila mlango.

Nyumba iliyobaki bila nguzo

Nani angeshika nafasi yake? Muhirwa alichukua uwaziri mkuu. Mirerekano aliona kwamba uongozi wa chama ulikuwa haki yake. Mmoja alikuwa Muganwa, mwingine Muhutu. Ugomvi ulioanza kuwa wa vyeo ukageuka polepole kuwa ugomvi wa makabila, kwa sababu hakukuwa tena na mtu ambaye pande zote zilikubali neno lake, na chama hakikuwa na utaratibu wa kuamua bila yeye.

Jambo chungu zaidi lilitokea mapema. Mwezi wa Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya mazishi, kundi la vijana lililojiita kwa jina lake, Vijana Wazalendo wa Rwagasore, lilishambulia viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi katika kartie ya Kamenge. Watu waliuawa. Jina la mtu aliyeoa Muhutu na kukaa na Bahutu kwenye meza moja lilikuwa limeshikwa kama bendera na watu waliofanya kinyume cha kazi yake.

Baada ya hapo msiba ulifuata msiba. Tarehe 15 Januari 1965 Ngendandumwe, akiwa Waziri Mkuu, aliuawa kwa risasi. Mwaka huohuo, baada ya jaribio la kuipindua serikali, viongozi wengi wa Kihutu waliuawa, Mirerekano akiwa mmoja wao. Mwezi wa Novemba 1966 ufalme ulifutwa na Kapteni Michel Micombero.

Mwaka 1972 uasi ulianza kandokando ya ziwa, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Jibu la jeshi lilikuwa mauaji ya Bahutu kwa maelfu mengi, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Walionusurika walivuka Ruzizi na ziwa. Uvira na Fizi ziliwapokea, kama Kigoma ilivyowapokea wengine. Mwezi wa Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, mambo yakarudia, na bonde la Ruzizi likajaa tena wakimbizi. Miaka mitatu baadaye vita vya Kongo vilianza kwenye eneo hilohilo. Watu wa Uvira, Bavira, Bafuliru, Babembe, Barundi, Banyamulenge, Bashi na wengine, wamelipa sehemu yao ya deni ambalo hawakukopa.

Kilichoandikwa Arusha

Baada ya damu nyingi, Warundi walikaa Arusha, Tanzania. Nyerere, aliyemsaidia Rwagasore akiwa kijana, ndiye aliyekuwa msuluhishi wa kwanza wa mazungumzo hayo hadi alipofariki Oktoba 1999. Nelson Mandela akaendeleza. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulitiwa saini. Kutokana na mkataba huo, katiba ya 2005 iliweka kwamba bunge na serikali vitakuwa na Bahutu si zaidi ya asilimia 60 na Batutsi si zaidi ya asilimia 40, Batwa wakipewa viti vyao, na jeshi likigawanywa nusu kwa nusu. Orodha za wagombea zilitakiwa kuchanganya watu.

Hesabu hizo haziwafanyi watu wapendane, na siasa ya Burundi imepata matatizo makubwa hata baada yake. Lakini zinafanya jambo ambalo mwaka 1961 lilikuwa linategemea moyo wa mtu mmoja. Rwagasore aliwachanganya watu kwa mapenzi yake, kwa jina lake na kwa ujasiri wake. Haikuandikwa popote kwamba lazima iwe hivyo. Alipoanguka, hakuna sheria iliyowalazimisha waliobaki kukaa pamoja.

Buyenzi bado ipo. Misikiti yake inaita sala, mafundi wake wanatengeneza magari barabarani, na Kiswahili cha huko mtu wa Uvira anakisikia na kujihisi nyumbani. Wajukuu wa wale wachuuzi walioweka franga zao katika ushirika wa 1957 leo wanapiga kura kama Warundi wengine. Ushirika ulifilisika, chama kiligawanyika, ufalme ukafutwa. Lile swali ambalo Rwagasore alilijibu alipowaita Waswahili wakae naye kwenye hesabu moja, swali la nani ni mwenye nchi, bado linaulizwa kila siku pande zote mbili za Ruzizi.